Droni ni nini, na ikija kijijini kwenu uulize nini?

Kwanza unasikia mlio kama wa kundi la nyuki. Unainua kichwa na kuona kitu kidogo kimetulia angani juu ya mahindi yako, hakina mtu ndani. Watoto wanakikimbilia. Wazee wanaulizana ni cha nani na kimetumwa na nani.

Maswali kuhusu droni yanatufikia mara kwa mara. Wengine wanataka kujua kama zinaweza kuwasaidia shambani. Wengine wana hofu: je, ninapigwa picha? Je, kuna mtu anapima ardhi yangu bila kuniambia? Maswali yote haya ni ya haki. Hapa tunaeleza droni ni nini, inafanya kazi gani katika nchi zetu, na mambo ya kuuliza kabla hujaikubali juu ya shamba lako.

Droni ni nini?

Droni ni ndege isiyobeba rubani. Tanzania wengi huiita ndege nyuki kwa sababu ya mlio wake. Rubani wake yuko chini, ameshika rimoti, au amekwisha kuipangia njia kwenye kompyuta na anaifuatilia tu inavyokwenda.

Zipo za aina mbili kubwa. Ya kwanza ina mapanga yanayozunguka kama ya feni, mara nyingi manne, sita au manane. Hii hupaa wima, hutua wima, na inaweza kusimama mahali pamoja angani. Ndiyo inayopiga picha za harusi na kupulizia dawa mashambani. Udhaifu wake ni chaji. Droni ndogo ya kamera hukaa angani kama nusu saa, na ile ya kupulizia dawa, tangi lake likiwa limejaa, hukaa dakika chache tu. Kwa hiyo anayefanya kazi nayo hutembea na betri kadhaa, na jenereta ya kuzichaji.

Aina ya pili ina mabawa kama ndege ya kawaida. Haiwezi kusimama angani, lakini hutumia chaji kidogo na hufika mbali. Zipo pia zilizochanganya aina zote mbili: hupaa wima kwa mapanga, kisha huendelea na safari kwa mabawa.

Droni hujuaje njia? Ina kifaa kinachopokea ishara za satelaiti, mfumo uleule unaokuonyesha ulipo kwenye ramani ya simu yako. Ina pia vipimo vya kuiambia imeinama kiasi gani na iko juu kiasi gani. Mawasiliano na rimoti yakikatika, nyingi hurudi zenyewe zilikotoka.

Kupeleka damu na dawa

Mfano unaojulikana zaidi uko Rwanda. Tangu Oktoba 2016, kampuni ya Zipline imekuwa ikipeleka damu kwenye hospitali kutoka kituo chake cha Muhanga. Baadaye kikaongezwa kituo cha pili Kayonza, upande wa mashariki.

Kwa nini damu? Kwa sababu haikai. Chembe sahani, sehemu ya damu inayosaidia kuzuia kuvuja, hudumu siku tano hivi tu. Tena damu ina makundi mengi. Hospitali ndogo ya kijijini haiwezi kuweka akiba ya kila kundi, maana nyingi itaharibika kabla ya kutumika. Lakini mama akitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, hana saa nne za kusubiri gari.

Utaratibu wao ni huu. Muuguzi anatuma ombi kwa simu. Kituoni, mfuko wa damu unafungwa ndani ya boksi, na droni ya mabawa inarushwa kwa mtambo unaofanya kazi kama manati. Huruka kwa mwendo wa kama kilomita 100 kwa saa, na huweza kufika hospitali iliyo umbali wa kilomita 80. Haitui. Inashuka chini kidogo, inadondosha boksi lenye mwavuli, na kugeuza kurudi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika vituo vya afya vilivyopokea damu kwa njia hii, damu iliyokuwa ikiharibika kwa kupitwa na muda ilipungua kwa asilimia 67.

Na hapa Ziwa Victoria? Mwaka 2018 kampuni za DHL na Wingcopter, pamoja na shirika la maendeleo la Ujerumani GIZ, zilitangaza matokeo ya jaribio la miezi sita la kupeleka dawa kisiwani Ukerewe. Droni ilivuka kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40. Kwa barabara, safari hiyo ni ya kilomita 240 na huchukua kama saa sita.

Lakini tofauti moja ni muhimu kuielewa. Ukerewe lilikuwa jaribio. Rwanda ni huduma ya kila siku, na serikali inalipia. Ukisikia mradi wa droni unakuja wilayani kwenu, uliza ni wa muda gani, na wafadhili wakiondoka nani atalipa.

Shambani: kupulizia dawa

Hapa ndipo wakulima wengi watakutana na droni. Ya kupulizia ina tangi chini ya tumbo, kwa kawaida la lita 10 hadi 40 kutegemea ukubwa wake. Bei yake ni mamilioni mengi ya shilingi, kwa hiyo wakulima wengi hawainunui. Humkodi mwenye nayo, wakalipa kwa ekari.

Faida zake ziko wazi. Kazi ya siku nzima kwa bomba la mgongoni inamalizika kwa muda mfupi. Hakuna anayetembea ndani ya dawa wala kukanyaga mpunga. Baada ya mvua, shamba likiwa tope tupu, droni bado inapita.

Hatari zake hazisemwi sana, na tunaomba uzisome kwa makini. Bomba la mgongoni hutumia maji mengi, mara nyingi lita 150 au zaidi kwa hekta. Droni hutumia kidogo sana, kama lita 10 hadi 20 kwa hekta. Maana yake, mchanganyiko ulio ndani ya tangi la droni ni mkali mara nyingi zaidi. Upepo ukiusukuma, tone linalotua kwenye mboga za jirani, kisima au mizinga ya nyuki lina sumu kali kuliko ulivyozoea. Ndiyo maana kupulizia hufanyika upepo ukiwa umetulia, mara nyingi asubuhi mapema, na majirani wakiwa wameambiwa kabla. Anayekuja saa saba mchana upepo ukivuma, mwambie arudi kesho.

Shambani: kutazama mazao

Droni pia hutazama. Jani lenye afya hurudisha kwa wingi aina fulani ya mwanga ambao jicho la mtu haliuoni. Jani lililochoka hurudisha kidogo. Kamera maalumu huona tofauti hiyo, na wakati mwingine huiona kabla jani halijageuka njano. Picha inayotoka huonyesha sehemu za shamba zenye nguvu na zilizo dhaifu.

Ila picha inakuambia tatizo liko wapi, haikuambii ni tatizo gani. Doa dhaifu laweza kuwa ukosefu wa mbolea, maji yaliyotuama, au viwavi. Lazima mtu aende pale kwa miguu, afunue majani, aangalie. Kama una ekari mbili unazozipita kila asubuhi, huenda macho yako yanatosha. Kwa chama cha ushirika chenye mamia ya ekari, hesabu ni nyingine.

Ramani na ardhi

Tangu mwaka 2016, Zanzibar ilifanya kazi kubwa ya kupiga ramani visiwa vya Unguja na Pemba kwa droni ndogo za mabawa. Waliozirusha walikuwa pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulitumia picha za droni kuonyesha mitaa inayofurika mvua zikizidi.

Ramani hizi hutengenezwa kwa picha mamia kwa maelfu. Kila picha hupanda kidogo juu ya jirani yake, na kompyuta huziunga kuwa picha moja. Inaonyesha nyumba, njia, mti mmoja mmoja, hata ua wa choo.

Ramani nzuri husaidia kupanga barabara, mifereji na mpaka wa kijiji. Lakini ramani ni habari, na mwenye habari ana nguvu. Picha haijui kwamba shamba linaloonekana kama pori limepumzishwa, au kwamba uwanda ule mtupu ni malisho ya kiangazi. Hayo wanajua wenyeji. Kwa hiyo matokeo yaletwe mbele ya mkutano wa kijiji, watu wayaone na wasahihishe, kabla hayajatumika kuamua mipaka.

Mbu na tembo

Mwaka 2019, mashamba ya mpunga ya Cheju, Unguja, yalinyunyiziwa kwa droni kimiminika kinachotanda juu ya maji. Viluwiluwi vya mbu hupanda juu kupumua. Utando ule ukiwepo, hawawezi, hivyo hufa kabla ya kuwa mbu wa kuambukiza malaria.

Katika vijiji vya Tanzania vinavyopakana na hifadhi, zikiwemo Tarangire na Serengeti, askari wa wanyamapori wamejaribu droni ndogo kuwarudisha tembo wanaoingia mashambani. Tembo hukimbia, na inadhaniwa ni kwa sababu mlio ule unawakumbusha nyuki, ambao wanawaogopa. Askari hukaa mbali na salama. Mwananchi wa kawaida asijaribu jambo hili peke yake: tembo aliyetishwa anaweza kukimbilia upande wenye watu.

Je, droni si silaha?

Zipo za kivita, na ndugu zetu wa mashariki mwa Kongo wanazijua. Desemba 2013, Umoja wa Mataifa ulianza kurusha droni zisizo na silaha kutoka Goma ili kufuatilia makundi yenye silaha. Katika vita vya Ukraine na Sudan, droni zinaua watu. Kwa hiyo mtu anayeshtuka akisikia mlio angani si mjinga, na mwenye mradi asimcheke. Awaeleze watu kabla ya kurusha.

Sheria inasemaje?

Kila nchi ina mamlaka yake ya usafiri wa anga. Tanzania ni TCAA, na Kenya ni KCAA. Droni husajiliwa na kuombewa kibali, hata kama umeletewa zawadi na ndugu aliye ughaibuni. Kiwango kinachotumika sana ni kutoruka zaidi ya futi 400, yaani kama mita 120. Viwanja vya ndege, kambi za jeshi na hifadhi za taifa ni maeneo ya kukaa mbali nayo mpaka uwe na kibali maalumu. Ukiingiza nchini bila kuuliza, unaweza kunyang'anywa mpakani.

Maswali ya kuuliza droni ikija kijijini

Muulize mwenye droni haya, na ikiwezekana mbele ya mtendaji wa kijiji au afisa ugani:

1. Wewe ni nani, na kibali chako cha kurusha kiko wapi?
2. Unarusha lini, juu ya mashamba ya nani, na majirani wameambiwa?
3. Kama ni dawa: inaitwa nini, imesajiliwa, na imeruhusiwa kwa zao hili? Tukae siku ngapi kabla ya kuvuna au kuchunga mifugo hapo?
4. Visima, mizinga ya nyuki na watoto wa shule mmewafikiria vipi?
5. Kama ni picha: zitatunzwa na nani, nani mwingine atapewa, na kijiji kitapata nakala?
6. Mazao ya jirani yakiungua, nani atalipa? Makubaliano yaandikwe.

Ukiiona droni usiyoijua juu ya nyumba yako, usiitupie mawe. Ina mapanga yanayokata, na ikianguka inaweza kumjeruhi mtu. Andika saa na mahali, piga picha kwa simu kama unaweza, kisha toa taarifa kwa mtendaji au kituo cha polisi. Ukiikuta imeanguka, wazuie watoto wasiiguse. Betri iliyopasuka inaweza kuwaka moto ghafla, hata baada ya muda kupita.

Na kama mwenye droni anayajibu maswali yote sita bila kukasirika, mpe nafasi. Anza na ekari moja. Linganisha na ile uliyopulizia kwa bomba la mgongoni, gharama na mavuno, ndipo uamue kuhusu msimu ujao.