Choo kinavuja kimya kimya? Fanya hivi kabla hujamwita fundi

Bili ya maji imekuja kubwa. Kwenye nyumba ya kupanga yenye mita moja, kinachofuata kila mtu anakijua: nani anafua kila siku, nani ana wageni, nani anaogesha watoto mara tatu. Watu wanaanza kuangaliana vibaya koridoni.

Tulipitia hayo kwenye nyumba niliyopanga hapa Dar es Salaam. Bili ilipanda miezi miwili mfululizo, na lawama zote zikaenda kwa mama wa chumba cha mwisho kwa sababu ana watoto wadogo. Na mimi nilikuwa mmoja wa waliolalamika. Kumbe mwizi alikuwa choo changu.

Batani ilikuwa inaflashi vizuri, sakafu kavu, hakuna sauti yoyote. Maji yalikuwa yanatoka kwenye tanki la choo na kuteleza taratibu ndani ya sinki, mchana na usiku.

Piga hesabu kidogo. Choo kikipoteza robo lita kwa dakika, yaani kama glasi moja ya maji, hiyo ni lita 15 kwa saa, lita 360 kwa siku na lita 10,800 kwa siku 30. Uniti moja ya maji ni lita 1,000. Kwa hiyo karibu uniti 11 zimekwenda na hakuna mtu aliyeoga.

Kama mnatumia tanki la juu, hasara ni mara mbili, kwa sababu pampu inakula umeme kupandisha maji yanayoishia chooni. Na ukifika wakati wa mgao, kama ule wa Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipopungua, unalala tanki limejaa na kuamka limeshuka.

Utajuaje kama kinavuja?

Chukua rangi ya chakula, ile ya kuwekea keki, na udondoshe matone machache ndani ya tanki la choo. Usiflashi. Subiri dakika 30 kisha angalia kwenye sinki. Ukiona rangi imeshuka, choo kinavuja.

Huna rangi? Futa ukuta wa nyuma wa sinki hadi ukauke, bandika kipande cha tishu juu ya usawa wa maji na usubiri. Ikilowa kwa mstari unaotoka juu, jibu umelipata.

Unaweza pia kusoma mita usiku watu wote wakishalala, halafu uisome tena alfajiri kabla mtu hajafungua bomba. Namba zikiwa zimesogea, kuna maji yanakwenda mahali. Ila kama mna tanki la juu, mita inaweza kusogea kwa sababu tanki linajaa, kwa hiyo hapo jaribio la rangi ndilo la kuaminika zaidi.

Fungua mfuniko

Usione kinyaa. Maji ya kwenye tanki la choo ni yale yale ya bombani, bado hayajakutana na chochote.

Kama choo chako ni cha batani, kwa aina nyingi unazungusha batani au pete yake kinyume cha saa ndipo mfuniko unatoka. Usiuvute kwa nguvu. Uweke chini juu ya kitambaa, kwa sababu ukidondoka unapasuka, na kupata mfuniko peke yake unaofanana na tanki lako ni kazi.

Ndani utaona vitu vitatu. Pembeni kuna koki ya kuingiza maji, yenye boya linalopanda maji yanapopanda. Katikati kuna mtambo wa kuflashi. Kwenye mtambo huo kuna bomba lililo wazi juu, la kupokea maji yakizidi ili yasimwagike sakafuni.

Sasa angalia maji yamefika wapi. Kama yamejaa hadi yanaingia kwenye hilo bomba la wazi, tatizo liko kwenye boya au koki ya kuingiza maji. Kama yako chini ya mdomo wa bomba na choo bado kinavuja, shuku raba iliyo chini ya mtambo wa kuflashi.

Kama ni boya

Linyanyue kwa mkono. Maji yakikata, koki bado nzima, ni boya tu limewekwa juu mno. Lishushe kwa kutumia skrubu au kibanio chake, hadi maji yawe yanasimama kama sentimita 2 au 3 chini ya mdomo wa bomba la wazi.

Ukinyanyua boya na maji hayakati, mara nyingi kuna mchanga au uchafu umenasa ndani ya koki. Wanaotumia maji ya kisima hili wanalijua vizuri. Funga maji, fungua nati ya bomba linaloingia kwenye tanki na uangalie kama kuna kichujio kidogo. Kitoe, kisuuze, kirudishe. Isiposaidia, koki ibadilishwe. Unaporudisha nati za plastiki, kaza kwa mkono kisha ongeza kidogo tu. Watu wengi hupasua nati kwa sababu ya kutumia spana kama wanafungua tairi la gari.

Kama ni raba

Hii ndiyo iliyokuwa shida yangu.

Funga koki iliyo ukutani karibu na choo. Kama imeganda, usiilazimishe, inaweza kukatikia mkononi na mafuriko yakaanza hapo hapo. Nenda kafunge koki kubwa ya nyumba. Kisha flashi tanki libaki tupu.

Shika mtambo wa katikati, uzungushe kama robo mzunguko kinyume cha saa na uunyanyue. Mingi hutoka hivyo bila kutumia kifaa chochote. Kitako chake kina raba ya duara. Ipapase kwa kidole: kama imekakamaa, imepinda au ina alama ya kukatika, imekwisha. Kama ni laini ila ina utelezi, ioshe na uirudishe.

Usisahau sehemu ambayo raba inakalia. Maji ya chumvi huacha ukoko mgumu pale, na raba mpya ikiwekwa juu ya ukoko itavuja kama ya zamani. Weka siki, subiri kidogo, sugua na mswaki wa zamani. Kisu na msasa hapana. Ukiikwaruza tu, umeitengenezea maji njia.

Raba ya zamani nenda nayo dukani. Zinafanana kwa macho lakini saizi zinatofautiana, na muuzaji akikuambia "hii inaingia kote", mwombe muweke moja juu ya nyingine. Kama duka limefungwa na unataka kulala kwa amani, igeuze ile ya zamani upande wa chini uje juu. Wakati mwingine inashika kwa siku chache.

Rudisha mtambo, zungusha hadi ushike, fungua maji taratibu, kisha rudia jaribio la rangi. Mimi mara ya kwanza sikuwa nimeuzungusha hadi mwisho, nikakuta sinki la bluu tena.

Vipi kama choo ni cha mkono?

Vyoo vingi vya zamani vya kuvuta mkono pembeni havina raba hii. Vinavuta maji juu kabla ya kuyashusha. Vikivujisha ndani ya sinki, anza na boya. Ukilazimika kuvuta mara tatu nne ndipo kiflashi, huenda nailoni ya ndani imechanika, na kuibadilisha mara nyingi ni hadi tanki lishushwe. Hapo mpigie fundi.

Mpigie pia ukiona maji sakafuni kwenye kitako cha sinki, au ufa kwenye tanki. Na kama ukiflashi bafu nalo linatoa mapovu, usihangaike na tanki, kaangalieni chemba na shimo la majitaka.

Fundi akija, mwambie ulichokiona: boya ukilinyanyua maji yanakata au hayakati, rangi imeshuka au haijashuka. Ukimwambia tu "choo kibovu", kuna uwezekano mkubwa atakuandikia mtambo mzima.

Mama wa chumba cha mwisho nilimfuata siku ile ile, nikamwonyesha raba iliyokatika. Aliiangalia, akacheka, akasema bili ijayo ile tofauti nilipe mimi.