Roki ya giza: ya shetani au ya akhera?

Wengi wetu hapa Muscat tumekua tukiambiwa kwamba roki nzito, ile ya nguo nyeusi na mafuvu, ni muziki wa shetani na basi. Kwenye kipindi tuligusia tu, muda ukatuishia. Mimi naona swali linataka historia kidogo, na historia yenyewe inapita Unguja.

Farrokh Bulsara kazaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, mtoto wa Kiparsi, dini yao ya Zarathustra. Mapinduzi ya 1964 yakaisukuma familia yake Uingereza, kama yalivyowasukuma wazee wetu wengi huku Oman. Dunia ikaja kumjua kama Freddie Mercury wa Queen.

Albamu yao ya kwanza, ya 1973, ina wimbo wake unaoitwa "Jesus". Kwa jina tu ungesema huo ndio wa dini. Lakini usikilize: ni kisa kinachosimuliwa na mtu aliyesimama mbali. Mwaka 1974 ikatoka Queen II, santuri yenye upande Mweupe na upande Mweusi, na nyimbo zote za upande Mweusi kaziandika yeye. Kumbuka dini aliyolelewa: wema na uovu vinapigana, na kila mtu lazima achague aliko. Kwangu mimi upande ule Mweusi una dini zaidi kuliko ule wimbo wenye jina la Nabii Isa.

Halafu 1975, "Bohemian Rhapsody". Kijana kaua mtu, anamwambia mama yake, kisha anagombaniwa, na humo humo mnatajwa Bismillah na Beelzebul. Freddie hakupenda kueleza maana yake. Waloieleza ni wengine: mkusanyo wa nyimbo za Queen uliporuhusiwa kuuzwa Iran mwaka 2004, ndani mlitiwa karatasi ya maelezo. Inasema kijana kauza roho yake kwa shetani, na usiku wa kuamkia kunyongwa anamwita Mungu na kuipata tena. Wengine walicheka. Mimi sikucheka, maana tafsiri ile inashika vizuri tu.

Na giza si geni kwetu, jamani. Muulize bibi yako kuhusu Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, wa mwanzoni mwa karne ya 19. Majumba ya matajiri wa Pate yamebaki magofu, wamehamia popo na ndege, wenyewe wako makaburini, na mwisho anakutajia moto wa Jahanamu. Hakuna bendi ya roki ilotisha kuliko hapo! Na hakuna anayesema ule si utenzi wa dini.

Hata Black Sabbath wa Birmingham, wanaosingiziwa kila ovu, mwandishi wao mkuu wa maneno alikuwa mpiga besi Geezer Butler, alolelewa kwenye nyumba ya Kikatoliki. Wimbo wao "After Forever" wa 1971 unamuuliza msikilizaji waziwazi kuhusu roho yake baada ya kufa.

Sisemi ni ibada. Ibada ni jambo jengine kabisa, na gitaa halina nafasi humo. Nasema sanaa, yaani kazi ya mikono ya mtu anayeogopa hesabu. Na si kila bendi inaingia. Wapo wanaovaa msalaba uliogeuzwa ili tiketi ziuzwe tu, na hao hata kumuogopa shetani hawamuogopi. Mshairi wa Al-Inkishafi anausemesha moyo wake mwenyewe, anautaka uzinduke. Nyimbo nyingi za giza zinaishia kwenye hofu tu, mlango wa toba hauonekani. Hapo ndipo wazee wetu wana hoja, wala si kwenye kelele au rangi ya nguo.

Freddie alifariki London Novemba 1991. Mazishi yake yalisaliwa na makasisi wa Kizarathustra, kwa sala za dini ya wazazi wake.