Paa la Nyumba ya Mawe na Amana ya Waliotangulia

Mvua ni mgeni asiyekosa kufika Unguja. Huja mara mbili kila mwaka, masika tangu Machi hata Mei na vuli tangu Oktoba hata Disemba, na jumla ya maji yake kwa mwaka ni yapata milimita 1,500 au zaidi. Waliojenga Mji Mkongwe katika karne ya 19 waliyajua hayo vyema. Walakini wengi wao walizipa nyumba zao mapaa ya sakafu, yaliyo bapa, kama ilivyokuwa desturi ya Uarabuni na ya miji ya kale ya pwani. Namna mapaa hayo yalivyodumu, na sababu iliyoyaangusha mengine, ni habari inayoifaa kila jumuiya iliyorithi nyumba ya zamani.

Kuta za nyumba hizo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Juu yake zililazwa boriti za mikoko. Na kwa kuwa boriti haziwi ndefu, vyumba vilikuwa vyembamba, upana wake yapata mita 3. Juu ya boriti vilipangwa vijiwe, kisha ikamwagwa chokaa iliyochanganywa na kokoto, nayo ikapigwa kwa vipande vya mti siku baada ya siku hata ikashikamana. Kazi hiyo nzito ilifanywa na watu wengi pamoja, na katika zama hizo wengi wao walikuwa watumwa. Haifai kuzisifu sakafu hizo bila ya kuwakumbuka waliozipiga. Paa liliinamishwa kidogo kuelekea kwenye marizabu, yaani mifereji iliyotokeza nje ya ukuta ili kuyatupa maji mbali.

Chokaa ina sifa moja na kasoro moja. Sifa yake ni kuwa huupitisha unyevu, hata uliopenya ndani hutoka tena jua likiwaka. Kasoro yake ni kuwa hupasuka nyufa nyembamba. Kwa hiyo mwenye nyumba mwangalifu hakuingoja masika: alipanda juu mapema, akaziba nyufa kwa chokaa, akazibua marizabu, na akang'oa kila mche uliochipua kati ya mawe. Wahenga walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta", na katika nyumba ya mawe maneno hayo ni kweli tupu. Maji hupita katika ufa, hufika kwenye ncha ya boriti iliyomo ukutani, nayo ikaoza. Kisha udongo ulioyafunga mawe hulainika, ukuta ukavimba, na mwisho ukaanguka.

Mwishoni mwa karne hiyo mabati yalianza kuenea mjini, na wenye nyumba wengi wakasimamisha kenchi juu ya sakafu zao za zamani. Faida ilikuwa dhahiri, maana maji yaliteremka upesi. Lakini hewa ya bahari hula bati, na tundu la msumari hupanuka kwa kutu. Zaidi ya hayo, sakafu ya kale iliyobaki chini ya mabati ilikuja kuyaficha mavujo: huyanywa maji kimya kimya, na aliyelala chumbani asione tone hata boriti zimekwisha kuoza. Katika zama za karibu kosa jingine likaongezeka, la kuziba chokaa kwa saruji, ambayo huuzuia unyevu usitoke.

Basi gharama hizi zililipwa na nani? Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilikuwa wakfu, na mwaka 1905 Serikali ya Unguja iliunda Kamisheni ya kuzisimamia mali za namna hiyo. Katika fiqhi, matengenezo hutangulizwa: pato la nyumba ya wakfu hutumika kwanza kuihifadhi nyumba yenyewe, ndipo kinachobaki wagawiwe wanaostahiki. Hekima yake ni nyepesi kuifahamu. Anayegawa kodi yote leo na kuliacha paa livuje, amewanyima haki yao watakaokuja baadaye.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, nyumba nyingi zilitwaliwa na Serikali na kukaliwa na jamaa kadhaa kwa pamoja kwa kodi ndogo. Kila mmoja alikuwa na chumba chake, lakini paa halikuwa na mwenyewe. Nyumba nyingi zilichakaa na baadhi zikaanguka, hata mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya kuuhifadhi mji, na mwaka 2000 mji ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hata hivyo, tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka wakati wa kutengenezwa, na watu wawili wakapoteza maisha.

Wafanyabiashara waliotoka pwani walifika hata Tabora, ambako tembe za udongo zenye paa bapa zilistahimili kwa kuwa kiangazi chake ni kirefu. Lakini Buganda, ambako Ahmed bin Ibrahim alifika mbele ya Kabaka Suuna mwaka 1844, mvua hunyesha karibu kila mwezi, na wenyeji walijua kuliinamisha sana paa la nyasi na kulitengeneza mara kwa mara. Baadaye mabati yaliingia huko pia. Vifaa vilikuwa mbalimbali, wajibu ulikuwa mmoja.

Jumuiya yenye msikiti, madrasa au nyumba ya wakfu haitaokolewa na michango inayokusanywa baada ya dari kuanguka. Yapasa fungu la paa litengwe katika kila kodi kabla ya mgao, na atajwe kwa jina mtu wa kupanda juu kabla ya kila msimu wa mvua. Waliotangulia waliacha nyumba na waliacha sharti. Atakayeipokea nyumba na akalitupa sharti, hajaipokea amana. Wabillahi taufiki.