Barua ya Tawi

Baba yangu ana bahasha ya kaki ambayo mama hajawahi kuruhusiwa kuigusa tangu waoane. Ndani mna vitu vitatu: cheti cha kidato cha sita cha mwaka 1975, picha ya vijana wa JKT waliojipanga mstari, wote vipara, na barua moja iliyopigwa taipu Februari 1979. Barua inasema mtajwa ni mfanyakazi hodari na mwaminifu, na kwamba mwajiri hana kipingamizi akienda kusoma Chuo Kikuu. Zilitakiwa ziwe barua mbili. Ya pili haikuandikwa.

Nimeiona bahasha hiyo mara tatu maishani. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka jana, mtoto wa dada yangu alipopangiwa shule ya kidato cha tano na nyumba nzima ikaanza kubishana juu ya kombi yake. Mzee alinyanyuka taratibu, akaingia chumbani, akarudi nayo. Akaiweka mezani, hakuifungua. Yaani aliiweka tu pale, katikati ya vikombe vya chai.

Nataka niandike habari ya barua ile iliyokosekana, kwa sababu ukiifuata unafika kwenye swali ambalo nchi hii imekuwa ikilijibu upya kila baada ya miaka kadhaa: ni nani hasa amemaliza shule, na nani anasema kwamba amemaliza?

Kwa waliosoma zama za mkoloni jibu lilitoka Uingereza. Maswali yalitungwa Cambridge, na karatasi za majibu zilirudi kusahihishwa hukohuko, wakati kijana wa Bwiru au wa Tabora yuko kwao analima huku akisubiri. Baada ya uhuru likaundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ikajitoa humo mwaka 1971, na Sheria namba 21 ya 1973 ikazaa Baraza la Mitihani la Tanzania, hilihili NECTA ambalo kila matokeo yakitoka linalaaniwa na nusu ya nchi na kushukuriwa na nusu nyingine. Baba ni wa kundi la mwanzo kabisa la waliofanya mtihani ulio wetu. Anapenda kulisema hilo, na hulisema kwa namna ya mtu aliyehudhuria harusi kubwa.

Lakini kuhamisha mtihani kutoka Cambridge kuja Dar es Salaam hakukumtosha Mwalimu Nyerere. Katika Elimu ya Kujitegemea, kijitabu cha Machi 1967, alikuwa ameshalalamika kwamba shule zetu zinamtoa mtoto kijijini, zinamfundisha kudharau jembe, halafu zinampima kwa kitu kimoja tu, yaani uwezo wa kukumbuka mambo na kuyaandika siku ya mtihani. Alikuwa na sababu nyingine pia, ambayo watu hawaitaji sana. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga kulazimishwa kwenda JKT, na Mwalimu akawafukuza zaidi ya mia tatu kwa mpigo. Nadhani jeraha lile halikupona. Kuanzia hapo kila alipomtazama msomi alijiuliza kama huyu atarudi kijijini au amekwenda moja kwa moja.

Shule za sekondari zikapewa michepuo: kilimo, biashara, ufundi, sayansi kimu. Bwiru Wavulana, hapo Mwanza, ikajulikana kwa ufundi, na mpaka leo ukitaja Bwiru kwa wazee wa Pasiansi watakutajia fundi fulani aliyetoka pale kabla hawajakutajia daktari. Kisha, Novemba 1974, likaja Azimio la Musoma.

Musoma ni ndugu yetu wa ziwani. Ukitoka Mwanza unapita Magu, unapita Bunda, unafika. Ni mji ambao Nyerere mwenyewe alianzia shule, Mwisenge, mwaka 1934. Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana hapo katika mwaka mbaya, wa ukame na wa operesheni vijiji, ikatoka na mambo mawili makubwa. La kwanza linakumbukwa na kila mtu: elimu ya msingi kwa watoto wote ifikapo Novemba 1977, badala ya kusubiri 1989 kama mpango wa awali ulivyosema. La pili linakumbukwa na wale tu waliokuwa kidato cha tano na cha sita wakati huo. Mtihani wa mwisho upunguziwe uzito. Kazi za darasani za miaka yote zihesabiwe, na tabia ya mwanafunzi, na bidii yake katika kazi za mikono. Na hakuna kutoka kidato cha sita kwenda Chuo Kikuu moja kwa moja. Kwanza JKT, kisha kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, kisha mwajiri na chama wathibitishe kwamba mtu huyu anafaa.

Baba alikuwa kidato cha tano. Anasema waliisikia taarifa bwenini, kwenye redio ya kiranja, na kwamba kuna waliopiga makofi. Yeye mwenyewe alipiga makofi. Hapo ndipo mimi na yeye huwa tunaanza kugombana.

"Ulipigia makofi kitu kilichokuumiza," nilimwambia safari moja.

"Nilipigia makofi kitu cha haki," akajibu. "Kwani wewe unadhani mkulima wa pamba wa Kwimba alikuwa ananisomesha ili nikavae tai?"

Ana hoja, na nisiipite haraka. Mwaka 1974 nchi nzima ilikuwa na chuo kikuu kimoja, Mlimani. Waliofika kidato cha sita walikuwa kachembe tu ya watoto wa nchi, na gharama yao yote, kuanzia shuka mpaka nauli ya treni, ililipwa na watu ambao watoto wao hawakuwahi kuliona darasa la nane. Mwalimu aliwahi kuwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Asiporudi, ni msaliti. Baba aliuamini mfano huo. Bado anauamini. Na hata sisi wa siku hizi, tunaojua kwamba mtihani wa siku chache haumpimi mtu, tunasema jambo lilelile kwa maneno mapya ya warsha na semina.

Basi akamaliza 1975, akaenda JKT, na mwaka 1977 akaajiriwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba nje kidogo ya mji. Kazi yake ilikuwa kupima pamba inavyoingia, kuandika kilo, kumpa mtu karatasi yake. Mwaka huohuo, Februari 5, TANU na ASP zikaungana kuwa CCM, na lile tawi la kazini likabadilisha jina kwenye mhuri. Akafanya kazi miaka yake miwili. Mwishoni mwa 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, Mwanza ikajaa askari na malori, na baba anasema hakuna aliyekuwa na muda wa kusikiliza habari za chuo. Alipoona hali imetulia kidogo akaomba barua zake. Mwajiri akaandika ndani ya wiki. Tawi likasema litakaa kikao.

Kikao hakikukaa, au kilikaa na jina lake halikufika, au lilifika likapingwa. Kuna matoleo matatu ya habari hii na baba hutumia moja kulingana na siku. Toleo ninaloliamini ni kwamba mtu mmoja wa tawi alisema kijana yule haonekani kwenye shamba la Jumamosi. Kweli hakuonekana. Ijumaa usiku alikuwa zamu.

Nimeifikiria sana barua ile. Mtihani una mabaya yake, lakini unaacha karatasi. Ukifeli unaweza kuomba rufaa, karatasi ikatolewa kabatini, mtu mwingine akaisoma. Barua ya tawi haikuwa na karatasi ya majibu. Maksi zake zilikaa kichwani mwa mtu, naye alikuwa na majirani wake, madeni yake na kinyongo chake. Watu wa Musoma walitaka kumvunja nguvu msahihishaji wa mbali asiyetujua, na nia ilikuwa njema, ila badala yake wakamweka msahihishaji wa karibu anayetujua kupita kiasi.

Sasa hapa anaingia shangazi.

Shangazi ni mdogo wake baba kwa miaka miwili. Alimaliza kidato cha sita mwaka 1977, akaenda JKT, na mwaka 1979, mwaka uleule wa barua, akaingia Mlimani bila kufanya kazi hata siku moja. Hakupendelewa na mtu. Azimio lilipoanza kutumika, idadi ya wasichana wanaoingia Chuo Kikuu ilishuka, na si ajabu: miaka miwili mtaani kwa binti wa umri ule ni posa, ni mimba, ni bosi anayetaka kitu kabla hajaweka sahihi. Serikali ikaliona, na ndani ya miaka michache wasichana wakaruhusiwa kwenda moja kwa moja. Ni moja ya mara chache ninazozijua ambapo sera ya elimu ilirekebishwa mapema kwa ajili ya wasichana, na naiheshimu. Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, alikuwa ameshatuonyesha katika Rosa Mistika, mwaka 1971, jinsi binti aliyevuka maji kuja kusoma Mwanza anavyoweza kuponzwa na watu wazima wenye madaraka. Kitabu kikapigwa marufuku shuleni. Yaliyosimuliwa humo hayakupigwa marufuku popote.

Baba ndiye aliyembebea shangazi sanduku mpaka stesheni. Hilo wote wawili wanakubaliana. Shangazi anasema alilia njia nzima mpaka Shinyanga, si kwa kuondoka, bali kwa sababu kaka yake alikuwa amevaa shati lake la kazini lenye nyuzi za pamba mabegani, na alipopungia mkono akawa bado anatabasamu.

"Nilichukua nafasi yake," aliniambia.

"Hukuchukua nafasi ya mtu, shangazi. Nafasi yake ilichukuliwa na barua."

"Wewe unaongea Kiswahili cha magazeti," akasema.

Kufikia katikati ya miaka ya 1980 sharti la miaka miwili lilikuwa limelegea kwa wavulana pia. Kwa baba ilikuwa imepita. Alikuwa na mke, watoto wawili, na mizani.

Mimi nilimaliza kidato cha sita mwaka 2009, na wa rika langu tulipita katikati ya mlango bila kugusa nguzo. JKT ya lazima ilikuwa imesimamishwa 1994, ikarudi 2013. Hatukulima, hatukunyolewa, hakuna tawi lililotuuliza kitu. Kilichotupima kilikuwa namba peke yake: masomo matatu ya kombi, A pointi moja, F pointi saba, jumla tatu mpaka tisa ni divisheni wani. Nilitaka HKL, nikapangiwa HGE, na mkuu wa shule niliyopangiwa akaniambia nishukuru. Nikashukuru. Uchumi niliusoma kwa kukariri, nikafaulu, nikausahau ndani ya wiki mbili. Kisha nikaenda kusomea uandishi wa habari Malimbe, upande wa Nyegezi, dakika arobaini kutoka nyumbani kwa daladala, na baba akaja mahafali na koti lililombana. Hakusema mengi. Aliomba avae joho langu apigwe picha, na fotografa akadhani ni utani.

Baadaye nikiwa ripota nikaripoti matokeo ya kidato cha nne ya 2012, yale ambayo zaidi ya asilimia 60 walipata sifuri. Serikali ikaunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Halafu ikaja GPA badala ya divisheni, halafu divisheni zikarudi 2016. Kila mara tuliandika kichwa cha habari kilekile.

Na sasa mpwa wangu. Machi 2024 serikali ilitangaza tahasusi 65 badala ya 16 za zamani. Zimo za lugha, za sanaa, za michezo, hata za elimu ya dini. Niliposoma orodha ile nilifurahi kama mtoto, maana nilimwona binti wa miaka kumi na saba anayeandika mashairi kwenye daftari la hesabu akipata mahali pake. Mwaka jana akachagua Kiswahili na sanaa. Majibu yakaja: HGE, kwa sababu shule iliyo na nafasi haina mwalimu wa ile aliyoitaka. Orodha imerefuka hadi 65, walimu ni walewale.

Ndipo mzee alipoleta bahasha. Tulidhani ataanza hotuba ya Musoma. Dada yangu tayari alikuwa ameanza kukusanya vikombe. Akamsukumia mjukuu wake.

"Fungua."

Mtoto akaisoma ile barua ya 1979 yote, kwa sauti, akikwama kwenye maneno ya kiofisi. Alipofika mwisho akauliza ya pili iko wapi.

"Hawakuandika," babu akasema. "Wewe ulishawaandikia?"

"Akina nani?"

"Hao waliokupangia. Wana ofisi. Kuomba kubadilisha kombi kunaruhusiwa au hakuruhusiwi?"

Nikasema kunaruhusiwa, nafasi ikiwapo, na kuna siku za mwisho. Akaniuliza ni lini. Ilikuwa keshokutwa. Akamwambia mtoto achukue kalamu, aandike kwanza kwenye karatasi, aonyeshe, ndipo ahamishie kwenye simu. Sentensi ya kwanza aliikata mara mbili. Alisema ina maneno mengi ya kuomba radhi.