'Right' Ilivyogeuka Mamlaka Huko Japani

Mwaka 1774, daktari Sugita Genpaku na wenzake wa Edo (Tokyo ya leo) walichapisha tafsiri ya kitabu cha Kiholanzi kuhusu mwili wa binadamu. Enzi hizo Wazungu walioruhusiwa kufanya biashara Japani walikuwa Waholanzi peke yao, tena wamebanwa katika kisiwa kidogo cha Dejima, Nagasaki. Mishipa ya fahamu haikuwa na jina, basi wakaiundia jina kwa herufi za Kichina. Ilikuwa kazi ya jasho, lakini mshipa ukipasua maiti utauona. Meli za kivita za Perry, kamanda wa Kimarekani, zilipotia nanga mwaka 1853, zilifuatwa na maneno yasiyopasulika.

Neno la Kiingereza 'right' liliwatesa hasa watafsiri. Mwingereza hulitumia kwa mkono wa kulia, kwa jibu sahihi, kwa mwenendo mwema na kwa kile ambacho mtu anastahili kudai. Fukuzawa Yukichi, aliyekuwa ameshafika Marekani na Ulaya, alizichambua maana zake mwaka 1870, akakiri kuwa ni gumu kulitafsiri. Yeye alitumia tsūgi, neno lenye harufu ya uadilifu.

Lakini China ilikuwa imeshatangulia. Mwaka 1864 mmisionari Mmarekani William Martin alitoa tafsiri ya Kichina ya kitabu cha Henry Wheaton kuhusu sheria ya mataifa, na penye 'right' akaweka herufi ya mamlaka. Mwaka uliofuata kitabu kikachapishwa upya Japani. Hapo ndipo lilipoenea kenri: ken ni mamlaka, ri ni manufaa. Ipo ri nyingine, matamshi yale yale, maana yake kanuni au hoja ya mambo, na Fukuzawa aliwahi kuitumia. Ikashindwa. Kwangu mimi, katika maneno yote ya enzi ya Meiji hakuna uchaguzi uliokuwa mzito kama huu, kwa kuwa usahihi uliachwa bandarini, nguvu na faida zikapita. (Sisi tuliopokea haki kutoka Kiarabu hatukulazimika kuchagua: mwenye haki na hukumu ya haki hukaa nyumba moja.)

Wakubwa wa serikali ya Japani walilisikia neno ken jinsi lilivyoandikwa. Mitsukuri Rinshō, akitafsiri sheria za Ufaransa, aliandika minken, yaani ken ya watu. Katika kikao cha kuijadili tafsiri hiyo wakamjia juu: mwananchi wa kawaida kuwa na mamlaka, maana yake nini? Mwenyekiti, Etō Shinpei, ilimbidi atulize mambo. Baadaye neno hilo hilo likawa bendera ya wafuasi wa Itagaki Taisuke waliodai bunge kuanzia 1874. Katiba ya 1889 iliwapa raia kenri, ila nyingi zilifungwa ndani ya mipaka ya sheria.

Agosti 1945 Kiingereza kilirudi na fumbo jingine. Japani ilikuwa tayari kusalimu amri vitani, na Marekani ikajibu kuwa mamlaka ya Mfalme wa Japani yatakuwa 'subject to' Kamanda Mkuu wa Washirika. Wizara ya Mambo ya Nje ikatafsiri kwa upole: yatawekewa mipaka. Jeshi likasoma: yatakuwa chini ya amri yake, kama mtumwa kwa bwana. Tarehe 12 wakuu wa majeshi wakaenda kumshauri Mfalme akatae. Mfalme huyo, Hirohito, akakubali masharti tarehe 14, na alfajiri iliyofuata Anami Korechika, waziri wa jeshi, akajiua.