Ukiachishwa kazi, bima ya afya hudumu hadi lini?

Kila masika, wageni wakipungua na hoteli za Diani, Watamu na Malindi zikianza kupunguza wafanyakazi, vijana wetu huniuliza: "Nimesimamishwa, je, kadi ya hospitali bado yafanya kazi?" Nami huwauliza: kadi ipi? Wengi wana bima mbili, na kila moja ina mwisho wake.

Ya kwanza ni ile ya kampuni. Huo ni mkataba wa mwajiri na kampuni ya bima, na wewe ni mnufaika tu. Kwa kawaida hukatika ajira inapokwisha, na hakuna sheria Kenya inayomlazimisha mwajiri kuiendeleza baada ya hapo. Lakini anayepunguzwa kazi ana haki ya notisi ya mwezi mmoja, na fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumika. Kabla hujatia sahihi barua, uliza kwa maandishi bima inakoma tarehe gani. Ikiwa mkeo ni mjamzito au una mgonjwa nyumbani, omba iachwe hadi muda uliolipiwa umalizike. Baadhi ya waajiri hukubali.

Ya pili ni ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Mwajiri hukukata asilimia 2.75 ya mshahara. Wa shilingi 30,000 hukatwa 825. Mshahara ukikoma na makato yamekoma. Kuanzia hapo mchango ni juu yako: unajibu maswali ya tathmini kuhusu hali ya nyumba yako, kisha unapangiwa kiasi cha kulipa kwa mwaka, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Jibu kulingana na hali yako ya sasa, si ya ulipokuwa kazini.

Aliyejisajili hutibiwa bure katika zahanati na vituo vya afya vya serikali hata kama hajachanga. Ila kulazwa au kupasuliwa katika hospitali kubwa kwahitaji mchango uliolipwa.

Kwa hivyo nasema: ukipokea pesa zako za mwisho, toa ya SHA kwanza, madeni ya dukani yafuate. Maradhi hayangoji wageni warudi.