Sufu na Karatasi Mikononi mwa Watoto Wetu: Historia ya Kazi za Mikono za Ramadhani na Idd

Bismillahir Rahmanir Rahim

Himidi zote anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba zake wote.



Kila inapokaribia Ramadhani wazazi hutuuliza madrasani: watoto wadogo ambao funga haijawawajibikia tuwashughulishe na nini? Na inapofika Disemba huja swali jingine. Mtoto amerudi kutoka shule, wenzake wamekata nyota na kengele za karatasi, naye anauliza, mbona sisi hatuna? Wapo wanaomjibu kwamba mambo ya kukata karatasi na kushona vitambaa si ya Waislamu. Mtoto hunyamaza, lakini moyoni anaondoka na picha kwamba dini ya wenzake ina rangi na furaha, na dini yake ni makatazo matupu.

Jibu hilo si sahihi. Tukirudi kwenye historia tutakuta kwamba sufu ilikuwa mikononi mwa watoto wa Kiislamu tangu zama za Mtume (s.a.w.), na karatasi iliwafikia Waislamu tangu karne ya pili Hijria. Leo, kwa idhini ya Allah, tutazitazama zote mbili, kisha tuone ni nini tunaweza kukifanya nyumbani bila ya gharama.

Kichezeo cha sufu cha Madina

Kabla ya funga ya Ramadhani kufaradhishwa katika mwaka wa 2 Hijria, Waislamu walifunga siku ya Ashura. Katika Sahih mbili, ya Bukhari na ya Muslim, imo habari ya Bibi Rubayyi' bint Mu'awwidh (r.a.), mmoja wa wanawake wa Kiansari. Anasimulia kuwa asubuhi ya Ashura Mtume (s.a.w.) alituma ujumbe kwenye vijiji vya Ansari kuhusu funga ya siku ile. Baada ya hapo wakawa wanafunga siku hiyo na kuwafungisha watoto wao wadogo, na wakiwatengenezea vichezeo vya sufu. Mtoto akilia kwa njaa hupewa kichezeo kile, akajishughulisha nacho mpaka wakati wa kufuturu ukafika.

Tuizingatie habari hii. Hawa ni Maswahaba, watu wa karne bora. Hawakumwacha mtoto nje ya ibada kwa kuwa ni mdogo, wala hawakumkaripia alipolia. Walichukua sufu ya kondoo wao wakamtengenezea kitu cha kushika. Kazi ya mkono ilikuwa daraja la kumvusha mtoto mpaka magharibi.

Na Bibi Aisha (r.a.) katika utoto wake alikuwa na vichezeo vyake. Abu Daud amepokea kwamba miongoni mwavyo palikuwa na farasi mwenye mabawa mawili yaliyotengenezwa kwa viraka. Mtume (s.a.w.) alipomuuliza juu ya farasi mwenye mabawa, alimjibu kwa habari ya farasi wa Nabii Sulaiman (a.s.), naye Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana.

Sufu inayoshikana bila kufumwa

Katika Suratun-Nahl, aya ya 80, Allah (s.w.) anatukumbusha neema ya sufu na manyoya ya wanyama, kwamba humo mna vyombo vya nyumba na manufaa ya muda. Moja ya manufaa hayo ni kitambaa ambacho hakifumwi wala hakisokotwi. Waarabu hukiita *libd*, na siku hizi wengi hukiita felti.

Siri yake iko kwenye unywele wenyewe. Ukiutazama kwa darubini utaona una magamba madogo madogo. Sufu ikipata maji moto na sabuni, kisha ikasuguliwa na kuviringishwa, nywele zake husogeleana na magamba yake hunasana. Haziachani tena. Ndiyo maana felti ikikatwa kwa mkasi haifumuki ukingoni, na ndiyo maana inafaa sana kwa kazi za watoto.

Watu wa nyika za Asia ya Kati waliijua kazi hii kabla ya Uislamu kuwafikia. Wafugaji wa Kikirgizi na Kikazaki, ambao leo ni Waislamu, wamekuwa wakiyafunika mahema yao kwa felti, kwa kuwa huzuia baridi na upepo. Wanawake wa Kikirgizi hutengeneza mazulia ya aina mbili. La kwanza huitwa *ala-kiyiz*, ambalo sufu za rangi hupangwa na kushindiliwa pamoja. La pili ni *shyrdak*, ambalo vipande vya felti hukatwa kwa nakshi na kushonwa kimoja ndani ya kingine. Mwaka 2012 UNESCO iliyaingiza mazulia haya kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mafundi walikuwa wakipungua, vijana hawakuvutiwa, na mazulia ya bei nafuu ya kiwandani yalikuwa yamejaa sokoni.

Tukija Afrika Kaskazini, tutakutana na kofia nyekundu ya Tunis iitwayo *chechia*. Kati ya mwaka 1609 na 1614 Waislamu wa asili waliobakia Hispania walifukuzwa kwa amri ya mfalme wa nchi hiyo. Maelfu waliingia Tunis, na pamoja na huzuni yao walikuja na ufundi wa kofia. Kazi ikagawanywa. Wanawake wa Ariana walifuma kofia kubwa kupita kichwa, kisha zikapelekwa El Batan kushindiliwa kwa maji mpaka zikasinyaa na kuwa ngumu, na kutiwa rangi Zaghouan. Watu walionyang'anywa ardhi yao walikula kwa mikono yao, wala hawakuwa mzigo kwa wenyeji.

Ndugu wa kofia hiyo ni tarbushi, ambalo wazee wetu wengi walilivaa. Sultan Mahmud II wa dola ya Uthmania alilifanya vazi la watumishi wa serikali mwaka 1829, na mwaka 1925 likapigwa marufuku katika Uturuki mpya. Leo wajukuu hulishika tarbushi la babu bila kujua kwamba lile ni sufu iliyoshindiliwa.

Karatasi kutoka Samarkand mpaka Siyu

Neno letu karatasi limetokana na Kiarabu *qirtas*, neno lililomo ndani ya Qur'ani katika Suratul-An'aam. Wakati wa kuteremshwa kwake watu waliandikia mafunjo na ngozi, kwani karatasi tunayoijua leo ilikuwa bado kwa Wachina na majirani zao.

Mwaka 751 (133 H) jeshi la Waislamu lilipambana na jeshi la Wachina kwenye mto Talas. Inasimuliwa kuwa mateka wa Kichina ndio walioanzisha utengenezaji wa karatasi Samarkand. Wanahistoria wa sasa wanaona kuwa watu wa maeneo yale walikuwa wameshaijua karatasi kabla ya vita hivyo. Vyovyote iwavyo, Samarkand ilikuwa mlango. Kabla ya karne ile ya 8 kumalizika karatasi ilikuwa ikitengenezwa Baghdad, zama za Khalifa Harun ar-Rashid (786–809). Inaelezwa kuwa aliamrisha ofisi zake zitumie karatasi kwa sababu maandishi ya juu ya ngozi yanaweza kukwanguliwa na kughushiwa, lakini ya karatasi yakifutwa huacha alama. Katika karne ya 9 al-Ya'qubi aliandika kuwa Baghdad palikuwa na zaidi ya maduka 100 ya *warraqin*, yaani wauza karatasi na wanakili vitabu.

Karatasi ile haikutokana na miti. Ilitokana na matambara ya kitani na kamba kuukuu za katani, zilizoloekwa, zikapondwa mpaka zikawa uji, zikachujwa juu ya chekecheke na kuanikwa. Kisha ilipakwa wanga na kusuguliwa kwa jiwe laini ili kalamu iteleze. Kwa hiyo elimu ya Baghdad iliandikwa juu ya matambara yaliyotupwa. Hili tuwaambie watoto wetu wanaoona haya kutumia kilichokwisha tumika.

Kwa vizazi vilivyofuata karatasi haikuwa ya kuandikia tu. Mafundi wa Herat, na baadaye wa Istanbul na Bursa, walikata karatasi kwa wembe mwembamba wakatoa maua, bustani nzima, na hata herufi za khati, kisha wakazibandika kwenye kurasa za vitabu. Ufundi huo Waturuki huuita *kaat'ı*. Ebru, ufundi wa kutia karatasi rangi zinazoelea juu ya maji, uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa UNESCO mwaka 2014.

Na huku kwetu Afrika Mashariki, katika mji wa Siyu kisiwani Pate, waandishi wa karne ya 18 na 19 walinakili misahafu juu ya karatasi iliyokuja kwa majahazi, wakaipamba kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Basi asituambie mtu kuwa kupamba karatasi ni jambo la kigeni kwetu.

Vichochoro vya Cairo

Mapambo ya Ramadhani yaliyo mashuhuri kuliko yote ni ya Misri. Fanusi yao, taa ya bati na vioo vya rangi, ina masimulizi mengi. Lililoenea zaidi ni kwamba al-Mu'izz alipoingia Cairo, Ramadhani ya mwaka 362 H (973), watu walimpokea usiku kwa taa. Iwe hivyo au sivyo, fanusi imekuwa ya watoto, wakiizungusha mitaani usiku baada ya kufuturu.

Lakini si kila nyumba iliweza kununua fanusi. Watoto wa vichochoroni walikusanya madaftari ya mwaka uliopita, wakakata vipande, wakapika gundi ya unga na maji, na kuyatundika mapambo kwenye kamba kutoka dirisha hadi dirisha. Kwa senti chache mtaa mzima ulipambika, na kila mtoto alijua kipande chake ni kipi.

Baadaye zikaja fanusi za plastiki kutoka China, zenye betri na nyimbo. Mafundi wa bati wa Cairo walibanwa sana, mpaka mwaka 2015 serikali ya Misri ikazuia kuingizwa kwa fanusi za kigeni. Hasara haikuwa ya mafundi peke yao. Mtoto anayenunuliwa pambo lililokwisha tengenezwa hulitazama siku mbili akalisahau. Mtoto aliyekata, akabandika na kutundika, huuona mwezi ule kuwa ni wake.

Tujaribu nyumbani

*Mnyororo wa siku za Ramadhani.* Kateni karatasi vipande vya sentimita 3 kwa 20. Kila jioni mtoto achague kipande kimoja, aandike ndani jambo jema la siku hiyo, kama vile kumsaidia mama au kusoma ukurasa, kisha akibandike pete ndani ya pete. Maandishi yabaki ndani, tusiwafundishe ria. Mwezi ukiandama mnyororo utakuwa na pete 29 au 30, nao ndio pambo la Idd.

*Fanusi ya karatasi.* Kunjeni karatasi ya kawaida katikati kwa urefu. Kateni mistari kuanzia upande wa mkunjo, kila baada ya sentimita 2, mkiacha sentimita 3 za mwisho bila kukatwa. Kunjueni, viringisheni iwe mfano wa kopo, bandikeni, na wekeni mkono wa kushikia juu. Tahadhari! Msiweke mshumaa wala kibatari ndani yake.

*Mpira wa sufu.* Huu ndio ulio karibu na kile kichezeo cha Madina. Tafuteni sokoni sweta la mtumba lililoandikwa kuwa ni sufu tupu. La nailoni halitashikana, wala sufi ya kutilia mito haishikani. Fumueni nyuzi zake, zikunjeni tonge, kisha mtoto alisugue viganjani kwa maji ya vuguvugu na sabuni mpaka lisinyae na kuwa gumu. Sweta jingine likifuliwa kwa maji moto na kusuguliwa sana hugeuka felti, nanyi mtakata humo nyota, hilali na mfuko mdogo wa kutilia pesa za Idd.

*Gundi.* Unga wa ngano vijiko viwili na maji kikombe kimoja, koroga motoni mpaka iwe uji mzito. Kazi ya moto ni ya mkubwa.

Mipaka tuichunge

Kwanza, mapambo ni ada, si ibada. Asiyepamba hana dhambi, na aliyepamba asidhani kuwa amezidisha thawabu kwa karatasi. Pili, msikate karatasi zenye aya za Qur'ani, Hadithi wala jina la Allah. Pekueni madaftari kwanza, yale ya hesabu yanafaa zaidi. Tatu, tujiepushe na israfu, kwani kununua rundo la mapambo kunaondoa maana yote tuliyoieleza. Nne, kazi isimchukue mtoto na mama yake hadi swala ikawapita.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa chakula bora ni kile ambacho mtu amekipata kwa kazi ya mikono yake, akamtaja Nabii Daud (a.s.) kuwa mfano. Mtoto wa miaka sita hawezi kujilisha kwa mikono yake, lakini anaweza kuizoeza. Na siku akilia kwa njaa saa kumi alasiri, mpeni kitu cha kushika kama walivyofanya akina mama wa Madina, mkae naye mpaka adhana.

Tunamuomba Allah atufikishe Ramadhani tukiwa na afya, azikubali funga zetu, na awajaalie watoto wetu kuwa kiburudisho cha macho yetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq.

Wassalaamu alaykum wa rahmatullahi wa barakaatuh.